Kumi na Tano wa Mwanzo

Kilvarra, Ayalandi
9 Februari 2025

Kwa bibi yangu na mke wangu, Bi Mwanarehema, Mtongwe,

Shikamoo, mke wangu. Mkono naubusu kwa mbali, ule wa kulia, ukishaunawa unga wa mahamri. U hali gani? Goti limekubali dawa, au bado lataka kubembelezwa kama mwenyewe? Mimi mzima wa afya, nimeota mabega. Mama naye mzima, yuko kazini kwa wale wazee wake anaowaosha na kuwalisha, anakusalimu sana. Jalila, binamu yangu unayesoma, soma taratibu na usome yote, hata ninapokusengenya. Msomee sikio la kulia. La kushoto lilikwishastaafu.

Simu nimeichoka, mke wangu. Mara ya mwisho tulizungumza mpaka ikakatika, na kila mtu alikuwa akizungumza habari zake. Barua ndiyo dawa. Naandika, napiga picha, Jalila apokea, wewe wasomewa mpaka uridhike.

Ama baada ya salamu, nina shauri, nawe ndiye wakili wangu.

Huku kuna mchezo wao, wa magongo. Si hoki ile uliyoiona kwenye televisheni ya Kafedha. Huu mpira hauchezwi chini tu kama mtu anayefagia. Unauokota kwa gongo, unakimbia nao juu ya gongo kama yai juu ya kijiko, unaurusha na kuupiga ukiwa hewani, nao unakwenda kasi hata hujui umekwenda. Mpira wenyewe mdogo kama chungwa, mgumu kama deni. Uwanjani watu kumi na tano kila upande, na milingoti ile mirefu: ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni chini ni tatu. Kichwani tunavaa kofia ngumu yenye chuma usoni, kwa hivyo usianze kulia.

Wallahi, Bibi, nauweza. Wakumbuka nilivyokuwa nikipiga makopo kwa upongoo wa mnazi, nikakuvunjia mtungi? Ule haukuwa utundu, yalikuwa mazoezi. Wenzangu hapa wameshika gongo tangu wana miaka minne, mimi nimelishika nina kumi na sita, na leo, miaka miwili tu, nawatoa jasho. Si wote. Wawili. Mmoja alikuwa na mafua.

Sasa Mama anasema shule nikiimaliza Juni, na mchezo umekwisha. Septemba nikasomee umeme chuoni mjini, na gongo niwape wanaoanza. Anasema hakuvuka bahari kuja kuosha wazee wa watu ili mwanawe apigane na fimbo. Bibi, mimi nataka niingie timu ya wakubwa ya hapa Kilvarra. Sijataka kitu hivi tangu nizaliwe. Wewe ni mamake. Neno lako kwake ni adhana. Nitetee.

Mumeo, mjukuu wako,
Ismail

*

Mtongwe, Likoni
24 Februari 2025

Mume wangu Ismail,

Marahaba, marahaba mno. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti lapanda na kushuka kama bahari, nami nalifuata. Mwezi wa Ramadhani u mlangoni, watu washaanza kutafuta tende, na kunguru wa mtaa huu wamezidi ujeuri: jana mmoja kaninyakulia hamri mkononi, lingali moto. Salamu kwa mamako Nyamvula. Salamu kwa hao wazee wake pia, maana wazee ni wazee.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya pili Kafedha jirani yetu alikuwapo, amekuja kuazima kinu. Kacheka hata kakisahau kinu.

Picha ya hilo gongo Jalila kanionesha. Mume wangu, huo ni mwiko. Umesafiri mbali kote huko ukenda kucheza na mwiko. Na jikoni kwangu nalikuwa nikikutuma ukoroge uji, wakimbia.

Basi sikiza. Mamako nimemzaa mimi. Alikuacha kwangu una miaka tisa, akaenda akajisahau, hakula kizuri hakuvaa kizuri, mpaka akakuvuta. Hilo si jambo la kupitwa mbio kwa ajili ya mwiko. Lakini na wewe nimekulea, na sijapata kukuona ukitaka kitu ila chakula. Hili limenishangaza.

Nimezungumza naye, Jalila kaandika. Alikataa. Nikazungumza tena. Tumekubaliana hivi. Kabla ya Maulidi ya mwaka huu, jina lako liwe katika wale kumi na tano wanaoanza mchezo, katika timu ya wanaume wazima ya kijiji chenu. Si wa kukaa kando akingoja mwenziwe achoke. Wa mwanzo. Likiwamo, Nyamvula atanyamaza. Lisipokuwamo, mwiko unaweka chini, unakwenda kusomea umeme, na mdomo unaufunga.

Mimi nimempa neno langu. Nipe lako.

Mkeo mkongwe, bibi yako,
Mwanarehema

Nami Jalila nakusalimu. Mtungi ule uliovunja, nilipigwa mimi.

*

Kilvarra
25 Aprili 2025

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Idd Mubarak iliyochelewa kama mimi mwenyewe. Natumai uliila kwa furaha, na kwamba uliponipikia sahani yangu, kama ada, hakuipata Jalila. Sisi tuliswali Idd mjini, tukala pilau ya Dorcas, yule mwenzake Mama kazini. Dorcas ni mtu wa Mikindani, Mkristo kwao bara, lakini pilau yake, usimwambie mtu, inakaribia yako. Nimesema inakaribia.

Neno langu unalo. Nilikupa hapo hapo barua iliposomwa, nikamwambia na Mama, tukashikana mikono kama wafanyabiashara.

Ramadhani nilifunga na mazoezi nikafanya. Jua likitua natafuna tende langoni, nafunga viatu, naingia. Kocha wetu Fintan, mwembamba, kimya, uso kama mlango uliofungwa, siku ya kwanza aliniuliza kama ni salama. Nikamwambia kwetu watu wanabeba magunia bandarini na wamefunga. Hakuniuliza tena. Siku ya pili nikamkuta ameshika kikombe cha maji, ananingojea langoni.

Sasa nikwambie la mchezo. Nilipangwa timu ya pili, ile ya wanaojifunza na ya wazee wanaokataa kuzeeka. Mke wangu, ungeniona. Nilikuwa moto. Nilipiga pointi kutoka pembeni, watu wakauliza huyu ametoka wapi. Nilimzunguka mtu mmoja mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikamwonea haya.

Halafu lilitokea jambo dogo.

Mbele yangu palikuwa na beki wao, mwanamume wa makamo, upara unang'aa chini ya kofia, umri wa kuweza kunizaa. Tukaukimbilia mpira bega kwa bega, kihalali kabisa. Akaanguka. Akaanguka vibaya, nikasikia pumzi ikimtoka. Mpira nilikuwa nao kwenye gongo, goli liko wazi mbele yangu. Na mimi, Bibi, nikasimama. Sikufikiri. Mwili ulisimama wenyewe. Nikamrudia, nikampa mkono, nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, mzee wangu. Umeumia?"

Yule mzee aliushika mkono wangu, akainuka kwa mkono wangu mwenyewe, akauchukua mpira kwenye gongo langu kama mtu anayeokota embe, akaupiga mbele. Wakafunga. Tukashindwa kwa hilo.

Tulipotoka, Fintan akaniambia, "Mkono ule ulikuwa na kazi nyingine."

Tangu siku ile sijacheza. Mechi mbili nimekaa benchi timu ya pili, timu ya kina babu. Vijana wananiita Pole, wakinipita wananipa mkono, "Pole, Pole," wanacheka. Nawachekea. Lakini niambie, kosa langu liko wapi? Mtu akijikwaa barabarani hata hujamgusa unampa pole. Sembuse uliyemwangusha. Ndivyo ulivyonilea. Nikimpita mzee chini ananusa vumbi nikakimbilia goli, nitakuwa mtoto wa nani?

Mumeo aliyeonewa,
Ismail

*

Mtongwe
12 Mei 2025

Mume wangu,

Marahaba. Twashukuru, tu wazima. Mvua ya masika imeshuka kwa nguvu, njia ya kwetu imekuwa mto, wanunuzi wa mahamri waja na viatu mkononi. Pilau ya Dorcas sitaki kuisikia tena.

Barua yako ilinitia hasira kwanza. Nalimwambia Jalila andika, huyo kocha hana adabu, kijana amefundishwa akafundika. Akaandika. Kisha nikalala nalo, asubuhi nikamwambia achane.

Nikueleze la babu yako, usilolijua. Kirumbizi akikicheza. Si kile cha kuonesha watalii kwa fimbo nyepesi. Arusini, zumari lalia, wanawake twapiga vigelegele, wanaume wawili waingia uwanjani na bakora. Katika arusi ya dadake mwenyewe aliingia na shemeji yetu mtu wa Ng'ombeni, na bakora ya babuyo ikampiga shemeji juu ya vidole. Nalisikia mwenyewe, nikasema vidole vimekwenda. Shemeji uso ulimbadilika. Babuyo hakusimama. Alizidi kumzunguka na kumchokoza mpaka zumari likanyamaza.

Nyumbani nikamkabili. Nikamwambia umemwumiza mtu wala hukumpa pole. Akanambia: "Ningesimama, ningewaambia watu wote kwamba huyu hawezi. Vidole vitapona. Lile lisingepona."

Na zumari liliponyamaza alikwenda mwenyewe kwa shemeji na mafuta ya nazi, akamkanda vidole mbele ya baraza yote, na akarudi kesho yake kumkanda tena.

Sasa huyo mwenye upara. Yeye ameingia uwanjani na vijana kwa hiari yake, ili asihesabiwe kuwa mzee. Nawe ukamsimamia katikati ya mchezo ukamwita mzee, ukamuuliza kama ameumia, watu watazama. Kama angekuwa babu yako angekupiga hilo gongo la kichwa. Alikuonea huruma kwa kukufunga goli.

Pole usiitupe. Nikisikia umeitupa sikujui. Lakini ingoje kipenga.

Na sharti letu ni lile lile. Mapenzi hayajalipunguza.

Mkeo mkongwe,
Mwanarehema

*

Kilvarra
4 Agosti 2025

Kwa Bi Mwanarehema, wakili, hakimu na mke,

Shikamoo. U hali gani, na goti, na kunguru? Nimechelewa kuandika, najua. Nilikuwa nikifanya kazi badala ya kujisifu, na mambo hayo mawili hayakai nyumba moja.

Shule nimeimaliza. Usiniulize alama, uliza kama nimeimaliza.

Barua yako niliisoma mara nyingi mpaka simu ikaomba radhi. Kisha nikaenda kwa Fintan nikamwambia nimeelewa. Hakuniuliza nimeelewa nini. Alinionesha ukuta wa nyuma ya ukumbi wa kijiji, akaniambia wenzangu wana miaka kumi na miwili zaidi yangu mikononi, na ukuta ule hauchoki. Basi nikauoa. Samahani, mke wangu, una mwenzio. Nampigia mpira asubuhi na jioni, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na hajapata kuniuliza nitarudi lini. Kucha mbili zimetoka, moja imerudi. Majirani walileta malalamiko, kisha wakazoea, kisha nikikosa siku moja wanauliza kama naumwa.

Mwezi wa sita Fintan alinirudisha uwanjani, timu ya pili. Kijana mmoja, pande la mtu, nilimpokonya mpira tukagongana akaketi chini. Mwili ukataka kusimama. Wallahi ulitaka. Nikauambia, zumari halijanyamaza. Nikakimbia, nikapiga, wavuni. Kipenga cha mwisho kilipolia nikamtafuta, nikampa mkono, nikamwambia pole yake yote, na ya babu yake. Akacheka, akaninunulia soda. Sasa ni rafiki yangu, na bado nikikutana naye namkalisha.

Mwezi wa saba Fintan akaniita niwe nafanya mazoezi na wakubwa. Mke wangu! Hawa ni watu wengine. Wanapiga mpira wakiwa wanaanguka. Mmoja alinipita, nikageuka kumtafuta, kumbe amekwisha kunipita mara ya pili. Lakini sitoki. Wakinipita leo kwa kulia, kesho nimesimama kulia.

Mechi ya kwanza ya ubingwa ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Maulidi ni wiki itakayofuata. Yaani nina mlango mmoja tu, na nitapita hapo. Mama amekwisha kuleta karatasi za chuo cha umeme, ameziweka juu ya friji, hazungumzi. Nami nazipita kila asubuhi nikichukua maziwa, sizungumzi. Dorcas anakuja likizo, nimempa gongo langu la zamani akuletee. Lina ufa lakini lina historia.

Mumeo wa kumi na tano wa mwanzo, inshallah,
Ismail

*

Kilvarra
31 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi wazima.

Leo tumecheza, tumeshinda. Jezi nilivaa, ya kijani, imeandikwa nambari mgongoni. Niliingia kipindi cha pili, mwenzetu alipobanwa na msuli. Nilipiga pointi moja, safi, kutoka mbali, ukelele ukapigwa hata mimi nikageuka kutazama nani amepiga. Nilimnyang'anya mtu mpira mwishoni, wakati wanatukaribia. Watu walinibeba. Yule mwenye upara alikuwapo kutazama, akanifuata, akanipa mkono, akasema kwa Kiswahili changu mwenyewe, "Pole." Sote tukacheka.

Nambari yangu ilikuwa kumi na tisa.

Fintan alisoma majina Alhamisi. Nilisikiliza mpaka la kumi na tano, kisha nikasikiliza kama kuna jingine limesahauliwa. La kwangu lilikuja baadaye, katika wanaongoja.

Mama hakuwapo, hajapata kuja uwanjani hata siku moja. Alilala baada ya zamu. Alipoamka aliniona na jezi, na nambari, na matope, na wenzangu wananishusha mlangoni wakiimba. Uso wake, Bibi. Alidhani ndiyo. Akasema, basi umeingia, akaenda kunitilia chakula. Yeye hajui kumi na tano na kumi na tisa. Kwake nambari ni nambari. Ningekula tu, mambo yangekwisha.

Nilikula kijiko kimoja. Nikamwambia, Mama, mimi sikuanza.

Alizima jiko. Karatasi za chuo ziko pale pale juu ya friji.

Siombi wala sijitetei. Najua wanaocheza vizuri kuliko mimi walikuwa kumi na tano, na nakwambia kweli, kesho hawatakuwa. Lakini tuliagana kabla ya Maulidi, hatukuagana kesho. Hukumu ni yako.

Mjukuu wako,
Ismail

*

Mtongwe
8 Septemba 2025

Mume wangu Ismail,

Marahaba. Tu wazima. Maulidi yamesomwa vizuri, ukumbi ulijaa, watoto walilala juu ya mikeka kabla hatujasimama kwa kiyamu. Dorcas alikuja hata yeye, kakaa nje na wanawake, kala, kashika adabu. Gongo kanipa. Naliweka kibarazani kando ya karai, na kunguru hawaji. Wamelitambua.

Jalila aliposoma barua yako alifika pale pa nambari akaishusha simu. Nikamwambia soma. Akasoma.

Nimekaa nalo siku zote hizi, ndipo nimechelewa. Nikisema kumi na tisa yatosha, nitakuwa nimekufurahisha wewe na nimemdanganya Nyamvula. Siku nyingine nikimwendea kukutetea, atanisikiza kwa nini? Neno la mtu mzima likivunjika mara moja halina mshonaji.

Wewe nawe lako umelishika bila kushikwa. Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua. Hilo limenifanya nilie, na Jalila ameamrishwa asiandike kwamba nimelia.

Weka gongo. Nenda kwenye umeme. Usinune mbele ya mamako, usimwambie nani kakufanya nini, usiweke uso kama mfiwa. Ukenda, nenda mzima.

Bibi yako,
Mwanarehema

Amelia sana. Jalila.

*

Kilvarra
23 Oktoba 2025

Mke wangu,

Shikamoo, na mkono naubusu. U hali gani wewe, na goti, na Jalila mtiifu? Hukuandika tena, nami sikuandika, nikasema moyoni, tumenyamaziana kama watu waliooana kweli.

Chuo nimekwenda. Basi la alfajiri, kurudi jioni. Nimejifunza kuunganisha taa na swichi mbili, juu na chini ya ngazi, na mwalimu amesema nina mikono mepesi. Nikamwambia najua. Gongo nililifunga kwenye leso yako ya kujitanda, ile ya kahawia uliyonipa nikisafiri, nikaliweka juu ya kabati. Ukuta wa ukumbi nilikuwa naupita nikitazama upande wa pili wa barabara, kama mtu anayemkwepa mtalaka wake. Kilvarra wakacheza bila mimi, wakashinda, wakafika nusu fainali. Nilikwenda kuwashangilia. Sikununa. Nyumbani niliosha vyombo.

Sasa sikiza lililompata Mama.

Wale wazee wake kazini, wanaume, wote walicheza huu mchezo enzi zao. Huko Mama alikuwa nesi tu, hata jina walikuwa wakilikosea. Baada ya ile Jumapili, asubuhi akiingia wanamwuliza, wewe ndiye mama wa kijana wa pointi ile? Akawa Mama wa kijana. Halafu mechi ya pili wakasikiliza redioni, jina langu halimo. Ya tatu halimo. Wakaanza kumwuliza, ameumia? Akasema hapana. Yuko wapi? Akasema anasoma umeme. Wakamwambia, usiku pia? Mmoja, Mossie, mzee wa miaka tisini, mkono mmoja haunyanyuki tena, alikataa uji wake. Akamwambia hatafungua kinywa mpaka aelezwe kwa nini. Mama akakaa kitandani kwake akamweleza yote: wewe, Maulidi, kumi na tano, kumi na tisa. Na kwamba mimi ndiye niliyejisema.

Mossie akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Na angekudanganya, ungejuaje?" Mama akasema nisingejua. Akafungua kinywa, akalishwa uji.

Haya Mama hakuniambia siku ile. Dorcas ndiye aliyenisimulia, alikuwa akihudumia kitanda cha pili. Mimi niliona hivi tu: Jumatatu nimerudi chuoni, mkoba bado begani, gongo liko juu ya meza ya kulia chakula. Leso imekunjwa vizuri pembeni. Mama amesimama kwenye sinki, amenipa mgongo.

Akasema, "Umeme mchana. Jioni ni zako."

Nikataka kumuuliza, na Bibi? Akasema amekwisha kukuandikia na umeridhia. Kumbe nyinyi wawili mnaandikiana, mimi ndiye niliyenyamaziwa.

Nilikwenda uwanjani siku ile ile. Fintan alinitazama, akanirushia mpira, sikuukosa. Ameniweka nambari ishirini na nne, ya mwisho kabisa, jezi inayonipwaya. Waliokuwa nyuma yangu sasa wako mbele. Mikono imelegea, pumzi imepungua, na Jumapili ni nusu fainali. Haidhuru. Watu ishirini na tatu tu, nitawapita mmoja mmoja. Nimeanza na aliyenikaribia.

Mama amebadilishana zamu na Dorcas. Jumapili anakuja, na anamleta Mossie kwenye kiti cha magurudumu. Jana Mama ameniuliza, mtu asiyejua mchezo anasimama upande gani wa uwanja. Nimemwambia asimame karibu na benchi, nipo pale.

Mumeo,
Ismail